Ndege ametua, ndege imetua: kuifundisha kompyuta kujisomea Kiswahili cha mtandaoni

Soma sentensi hizi mbili:

Ndege ametua uwanjani.
Ndege imetua uwanjani.

Mtoto wa darasa la nne hapa Nairobi atakwambia wa kwanza ana manyoya, ya pili ina rubani. Neno “ndege” halikumsaidia kitu. Amesaidiwa na herufi moja iliyotangulia kitenzi. Sasa zipitishe sentensi hizo kwenye programu ya kuchakata maandishi iliyoundwa kwa mazoea ya Kiingereza, ile ambayo hatua yake ya kwanza ni kukata viambishi ubaki mzizi. Zote mbili zitatoka “ndege tua uwanja”. Kitu chenye thamani kuliko vyote kimeenda jalalani kabla kazi haijaanza.

Hapa naeleza jinsi ya kutengeneza mfumo mdogo unaosoma kurasa za Kiswahili na kutoa humo ukweli mmoja mmoja: duma ni mnyama, Gitega ni mji mkuu wa Burundi, Mlima Kenya una urefu wa mita 5,199. Kompyuta ya mkononi yenye RAM ya GB 16 inatosha. (Walimu watasema niandike tarakilishi. Nawaheshimu, ila nenda Luthuli Avenue uulize bei ya tarakilishi uone utakavyotazamwa.)

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1992 Marti Hearst alionyesha kwamba kuna vipande vya sentensi vinavyofichua aina ya kitu: ukisoma “wanyama kama vile hiki na kile”, huhitaji kukijua hiki wala kile ili ujue ni wanyama. Mwaka 1998 Sergey Brin, mmoja wa waanzilishi wa Google, aliipa kompyuta vitabu 5 tu pamoja na majina ya waandishi wake. Ikatafuta kurasa ambazo majina hayo yametajwa pamoja, ikajifunza maneno yanayoyazunguka, ikatumia maneno hayo kupata vitabu vingine, na hivyo vikaleta vingine, mpaka ikakusanya zaidi ya 15,000. Kisha Januari 2010 Tom Mitchell na wenzake wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, wakawasha mfumo wa NELL uusome mtandao usiku na mchana. Kila aina ya kitu ulipewa mifano 10 hadi 15 ya kuanzia, ukaachwa ujitafutie.

Kosa la NELL linalosimuliwa sana ni la kuki. Ilikuwa inajua kuki ni kitu cha kuokwa. Ikakutana na kuki za intaneti (vijifaili ambavyo tovuti huacha kwenye kivinjari), ikazitia kapu lilelile. Kwa kuwa watu hufuta kuki na pia hufuta faili, faili nazo zikaingia jikoni. Sisi tumeponea hapo kwa sababu zile za kivinjari tumeziita vidakuzi, lakini tusishangilie. Tuna ndevu, na tutafika huko.

Maandishi yatoke wapi

Anza na nakala nzima ya Wikipedia ya Kiswahili. Inapakuliwa bure kama faili moja iliyobanwa, na makala yake yamezidi 80,000. Tatizo ni kwamba maelfu ya makala hayo ni ya kata za Tanzania, na yote yanafunguliwa kwa sentensi ileile: fulani ni kata ya wilaya fulani katika mkoa fulani. Ukiyaacha yote, mashine itaamini kwamba hivyo ndivyo Kiswahili kinavyosemwa. Bakisha 200 hivi, mengine yaweke kando.

Kisha nenda Common Crawl, shirika linalokusanya kurasa za mtandao na kuziachilia bure. Usipakue yote, utajaza diski na hutapata kitu. Faharisi yake ina safu ya lugha ambamo Kiswahili kimeandikwa “swa”. Chuja hapo kwanza, kisha vuta rekodi hizo pekee kwa namba za baiti zilizoandikwa kando yake, zinazoonyesha kila rekodi ilipo ndani ya faili kubwa. Maandishi yatoe kwenye HTML kwa programu kama trafilatura, inayoacha menyu na matangazo.

Safu hiyo ya lugha usiiamini sana. Ipime tena lugha, na upime aya moja moja, si ukurasa mzima, kwa sababu ukurasa wa Nairobi unaweza kuwa na kichwa cha Kiingereza, habari ya Kiswahili na maoni ya Sheng chini. Programu ya fastText inatambua lugha 176. Aya isiyofika alama 0.8 ya uhakika (ya juu ni 1) iache, na yenye maneno chini ya 8 iache bila hata kuipima. Bado zitapenya lugha za Kibantu ambazo programu haikufundishwa, kwa sababu “na”, “wa” na “ya” zimo kote. Kipimo cha haraka ni maneno haya manne: kwamba, katika, lakini, baada. Ukurasa wa maneno 300 usio na hata moja kati ya hayo, fungua uusome kwa macho yako.

Halafu ondoa nakala. Hatua hii watu huiruka, kisha wanashangaa. Habari moja ya shirika la habari hunakiliwa na blogu 40, na mashine inahesabu mashahidi 40 kumbe ni mmoja ameongea mara 40. Kata kila ukurasa katika vipande vya maneno 5 yanayofuatana, linganisha kurasa kwa njia ya MinHash (hukadiria haraka kurasa mbili zinashiriki vipande kwa kiasi gani), na zile zinazofanana kwa 0.8 au zaidi zihesabu kuwa ukurasa mmoja. Usizifute, zipe tu namba moja ya kundi. Utahitaji tarehe zake baadaye.

GB 1 ya maandishi safi ni kama maneno milioni 150. Hiyo inatosha kabisa kwa kuanzia.

Mbegu na ruwaza

Chagua aina 20 hadi 30 (mnyama, mji, mlima, timu, chakula, ugonjwa) na kila aina uipe mbegu 12, yaani mifano ya kuanzia. Mbegu mbaya huharibu shamba lote. “Simba” usiitumie: kuna Simba ya Dar es Salaam. “Jogoo” ni barabara na ni unga. “Ngiri” ni mnyama, ni ugonjwa, na kwa vijana wa hapa ni shilingi 1,000. “Mbuzi” ni mnyama na ni kifaa cha kukunia nazi. “Tembo” hunywewa pia, hasa Pwani. Chukua maneno yasiyo na mashaka hata kama si maarufu: kongoni, duma, nungunungu, punda milia, kakakuona. Andika pia mbegu za kukataa, yaani maneno 12 ambayo unajua si ya aina hiyo. Bila hizo, mashine haina namna ya kujua imekosea.

Ruwaza, yaani vile vipande vya sentensi vya Hearst, zinazofanya kazi vizuri kwa Kiswahili ni “wanyama kama vile A, B na C”, “A, B na wanyama wengine”, na zile za “wakiwemo”, “ikiwemo”, “vikiwemo”. Hizi za mwisho ni tamu kwa sababu zinabeba ngeli ya nomino iliyotangulia: “viongozi 3 wa kaunti wakiwemo”, “mazao ya biashara yakiwemo”. Hata sentensi ikiwa ndefu, unajua orodha inayofuata ni ya nomino gani.

“Kama” peke yake itakutia matatani. “Mtu kama simba” ni sifa, si orodha, na “kama wanyama watahamishwa” ni sharti. Dai mambo mawili: iwe “kama vile”, na kinachofuata kiwe na vitu viwili au zaidi vilivyotenganishwa kwa mkato au “na”. Utapoteza sentensi nyingi nzuri. Zipoteze. Mtandao hurudia jambo lilelile mara nyingi, na ulichokiacha leo utakikuta ukurasa mwingine.

“Na” yenyewe ina kazi nyingi. “Mombasa na Kilifi” ni vitu viwili, “Wizara ya Afya na Usafi” ni kitu kimoja, na “ilijengwa na Waingereza” inamtaja mtendaji. Ya tatu ni rahisi: kitenzi kilicho mbele yake kikiwa cha kutendwa, kwa “-wa” ya mwisho, basi “na” hiyo haiorodheshi kitu. Ya pili haina dawa kamili. Weka orodha ya vichwa kama wizara, kamati, idara, kampuni na chama, na chochote kinachoanza navyo kwa herufi kubwa usikikate kwenye “na”.

Ndevu

Sasa tuone mashine inavyoteleza. Tuseme ina mbegu ng'ombe, kuku, kondoo, bata. Inasoma na kugundua ruwaza “anafuga __”. Ruwaza imepata maneno 40, kati yake 9 ni yale inayoyajua tayari, na hakuna hata moja lililo kwenye orodha ya kukataa. Kwa hesabu yoyote hiyo ni ruwaza bora. Inaikubali, na kwa ruwaza hiyo inapata nyuki, sungura, samaki, yote sawa. Inapata pia ndevu, maana mtu hufuga ndevu.

Mzunguko unaofuata, ndevu ni mnyama. Mashine inatafuta ndevu zinapatikana wapi na kukuta “kunyoa ndevu”. Kondoo nao hunyolewa, kwa hiyo ruwaza “kunyoa __” inapata alama nzuri. Inaleta nywele na kichwa. “Anafuga” nayo inarudi na rasta na kucha. Mzunguko wa nne orodha yako ya mifugo ina nywele, kucha, kidevu na kipara, na kila moja imeingia ikiwa na ushahidi wa ruwaza mbili au tatu. Hakuna hatua moja iliyokuwa ya kijinga. Ndiyo maana kuteleza huku hakuonekani mapema.

Dawa ya NELL ilikuwa kuzifundisha aina zote kwa pamoja ili zizuiane: kitu kikishakuwa kiungo cha mwili hakiwezi kuwa mnyama. Hiyo inasaidia, nawe uiweke. Lakini Kiswahili kina kizuizi kilichokuja na lugha yenyewe. Ng'ombe amelala. Ndevu zimeota. Popote utakapoenda katika maandishi sanifu, ndevu hazitachukua “a-”. Kwa hiyo sheria ni hii: neno lisiingie katika wanyama mpaka lionekane likitawala kitenzi chenye kiambishi “a-” mara 3, katika makundi 3 tofauti ya kurasa. Ndevu hazifiki hata mara moja. Mlolongo mzima unakatika hapo.

Hatua ya pili ndiyo ninayoisisitiza kuliko zote katika makala haya. Ufunguo wa jedwali lako usiwe neno, uwe neno pamoja na upatanisho wake. Badala ya mstari mmoja wa “ndege”, kuwe na ndege/a na ndege/i. Kizuizi cha aina kikisema mnyama hawezi kuwa chombo cha usafiri, hakitagombana na ndege, kwa sababu kwenye jedwali ni vitu viwili. Kiboko/a ni yule wa Ziwa Naivasha. Kiboko/ki ni kile kilichopigwa marufuku shuleni Kenya mwaka 2001. Kifaru/a yuko hifadhini. Kifaru/ki kimo kwenye habari za vita. Nyota/i iko angani, nyota/a amefunga mabao mawili. Kima/a ni tumbili, kima/ki ni kima cha chini cha mshahara.

Ufunguo huo unafanya kazi hata kwa majina ya pekee. “Sudan imekumbwa na mafuriko” ni nchi. “Sudan alikufa Machi 2018” ni yule faru dume wa mwisho wa jamii ya weupe wa kaskazini, aliyekuwa katika hifadhi ya Ol Pejeta. Na “Wanyama”! Mashine ikikuta “Wanyama alifunga bao la kwanza Celtic ilipoifunga Barcelona 2-1”, neno lenye sura ya wingi lina kitenzi cha umoja. Wanyama wa mbugani huchukua “wa-”. Huyu wa “a-” ni Victor, kiungo wetu wa zamani wa Harambee Stars, na bao hilo ni la Novemba 2012. Tazama pia “Celtic ilipoifunga”: timu ni “i-”, mbele na nyuma.

Kukitambua kitenzi bila kujidanganya

Kukamata viambishi kunaonekana rahisi mpaka uanze. Ukitafuta neno lolote linaloanza na “i-” utaleta ingia, ita na isha, ambapo “i” ni ya mzizi. Ukitafuta “zi-” utaleta ziba na zima. Dai vitu vitatu vikiwa vimefuatana: kiambishi cha nafsi au ngeli, alama ya wakati (na, li, me, ta, na ukipenda nge na ngali), kisha mzizi uliomo kwenye orodha ya vitenzi. Orodha ya mizizi 1,500 inatosha. Unaweza kuivuna kutoka maandishi yako yenyewe kwa kukusanya maneno yanayoanza na “ku-” na kuyapitia kwa mkono jioni mbili.

Orodha ya mizizi ukiiruka, haya yatakupata. Wanafunzi: wa-na-funzi. Wanajeshi: wa-na-jeshi. Wananchi, wanachama, wanamuziki, wote wana sura ya kitenzi cha wakati uliopo. Kilimo kinaonekana kama ki-li-mo, kimeta (ule ugonjwa wa mifugo) kama ki-me-ta, kinanda kama ki-na-nda. Magazeti yetu yamejaa wanafunzi na wanajeshi, kwa hiyo kosa hili si dogo: nomino iliyokaa kabla ya “wanafunzi” itahesabiwa kuwa na kitenzi cha “wa-” kila mara.

Vitenzi vya “hu-” viache kabisa. “Ndege huruka” haisemi ni ndege gani. Vya kukanusha vichukue, ila kumbuka umbo limebadilika: hajatua ni a-, haijatua ni i-.

Vimilikishi usivitumie kupima uhai. “Rafiki yangu amefika” ni Kiswahili safi, kitenzi kina “a-” na kimilikishi kina “y-”. Kitenzi ndicho shahidi, si kimilikishi.

Na “wa-” peke yake haitoshi kwa jina la herufi kubwa, kwa sababu watangazaji wetu husema “Gor Mahia wameshinda” kana kwamba wanahesabu wachezaji. “Simba wamefungwa” inaweza kuwa tundu au uwanja. Ndiyo maana nimesema mara 3 za “a-”, umoja, na si “a-” au “wa-”.

Nairobi inavyovunja sheria

Hapa lazima tuambiane ukweli. Upatanisho niliousifu ni wa magazeti, vitabu na taarifa za redio. Kwenye maoni na mitandao ya kijamii ya Nairobi mtu ataandika “mbuzi imepotea”, “kitabu yangu”, “gari imejaa”. Si kwamba hajui ngeli, hivyo ndivyo mji unavyoongea. Ukiingiza maandishi hayo bila alama, mbuzi/i itajaa mbuzi wa kuchoma, na kile kifaa cha nazi hakitaonekana.

Usiyafute, ila yapime. Kwa kila tovuti hesabu nomino 20 za ngeli ya KI-VI ambazo huna shaka nazo (kitabu, kiti, chakula, kisu na kadhalika), halafu uone ni mara ngapi zinafuatwa na “cha” au kitenzi cha “ki-”. Tovuti yenye upatanisho sahihi mara 9 kati ya 10 inaruhusiwa kupiga kura ya uhai. Iliyo chini ya hapo inaruhusiwa kuleta orodha na majina, lakini kura yake ya ngeli haihesabiwi.

Kipimo hichohicho kinanasa kurasa zilizotafsiriwa na mashine, ambazo nazo hukosea ngeli, lakini kwa namna nyingine. Mtu wa Nairobi hukosea kwa mpango: karibu kila kisicho mtu hukipeleka kwenye I-ZI. Tafsiri mbovu hukosea ovyo, “kitabu wake” hapa na “kitabu lake” pale. Makosa yakitawanyika katika ngeli tatu au zaidi, tupa tovuti nzima.

Sheng ya bei nayo iangalie. “Mbao” ni shilingi 20 na ni mbao za fundi seremala. “Soo” ni 100. Ukitaka kukusanya bei kutoka maandishi ya mtaani, tengeneza orodha yake peke yake, na usikubali bei isiyo na bidhaa kwenye sentensi ileile.

Majina ambayo ngeli haiyaokoi

Nakuru ina ziwa, Nakuru ni kaunti, Nakuru ni jiji. Jina likiwa peke yake, zote ni “i-”. Hapa upatanisho umenyamaza, na njia iliyobaki ni kushika neno lililo mbele ya jina: Ziwa Nakuru, kaunti ya Nakuru, jiji la Nakuru. Lihifadhi kama sehemu ya jina. “Nakuru” tupu iliyokuja bila kichwa iwekwe kwenye kapu la kusubiri, na isihusishwe na eneo wala idadi ya watu mpaka aya hiyohiyo itoe kichwa.

Halafu kuna wakati. Ukurasa wa 2019 utasema Kenya ina majiji matatu, na ulisema kweli: Nakuru ilipewa hadhi ya jiji Desemba 2021, Eldoret Agosti 2024. Kurasa za kabla ya 2013 zinasema “Mkoa wa Bonde la Ufa”, kwa kuwa kaunti 47 zilikuwa kwenye Katiba ya 2010 lakini hazijaanza kazi. Bujumbura ina kurasa nyingi zaidi zinazoiita mji mkuu wa Burundi kuliko Gitega, iliyoidhinishwa na bunge mwaka 2019. Ukihesabu kura tu, yaliyopita yatashinda kila siku. Kila ukweli upewe safu mbili za tarehe, ulipoonekana kwanza na ulipoonekana mwisho, na kwa uhusiano unaokubali jibu moja tu (mji mkuu, urefu wa mlima) uangalie mwaka ambao jibu la pili linaanza kupanda. Urefu wa mlima haubadiliki, kwa hiyo hapo majibu mawili maana yake ni kosa. Mji mkuu hubadilika.

Saa. “Saa mbili usiku” ni 20:00. Ongeza 6, kisha tumia asubuhi, mchana, jioni au usiku kujua upande. Nairobi ina kizungumkuti chake: watu huandika “saa 8 asubuhi” wakifuata saa ya Kizungu. Saa nane yetu ni ya mchana au ya usiku wa manane, haiwi ya asubuhi, kwa hiyo 8 ikikaa na asubuhi usiiongeze 6, iache ilivyo. “Saa 10 asubuhi” haina suluhisho: inaweza kuwa alfajiri, inaweza kuwa mkutano wa ofisini. Iache wazi kwenye jedwali.

Sentensi zenye “inadaiwa”, “yasemekana”, “huenda” au “eti” zisitoe ukweli wowote. “Eti” hasa. Na uangalie “si”: “Dar es Salaam si mji mkuu wa Tanzania” inatofautiana na uongo kwa herufi moja, na ruwaza iliyolegea, inayoruka neno lolote katikati, itaisoma kinyume.

Kwa upande wa watu, toa habari za wenye vyeo vya umma tu na zile zinazohusu kazi yao. Namba za simu, makazi na hali ya afya ziondolewe kwenye maandishi kabla ya kusomwa. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na hata isingekuwepo, jedwali la namba za watu ni balaa kulihifadhi.

Kuna wanaouliza kwa nini usiitumie tu mifumo mikubwa ya lugha. Itumie, hasa kupendekeza ruwaza. Yenyewe hujifunza kwa kukisia kipande cha neno kinachofuata, na ujuzi wake umetawanyika ndani ya mabilioni ya namba. Huwezi kuuliza Gitega ilitoka ukurasa gani. Jedwali lina safu ya chanzo. Ukiamua kufunza mfumo wako mdogo, tengeneza na kikata maneno chako (kinachogawa maandishi kuwa vipande kabla mfumo haujayasoma) kwa maandishi ya Kiswahili, vipande 16,000 hadi 32,000 kwa programu ya SentencePiece, maana kilichozoea Kiingereza kinaweza kukata “imetua” mahali ambapo “i-” haionekani tena kama kiambishi. Utakuwa umerudi kwenye “ndege tua”.

Kazi ya kila siku

Kila mzunguko, ruhusu maneno mapya yasiyozidi 20 kwa kila aina, na kila neno liwe limeletwa na ruwaza 3 tofauti. Likija na ruwaza moja hata mara 500, lisubiri.

Tenga dakika 15 kwa siku za kukagua. Usikague maneno, kagua ruwaza mpya. Maneno ni mengi na mengi ni sahihi, macho yatachoka na utaanza kubofya “ndiyo” tu. Ruwaza mpya ni chache, na ukikataa “kunyoa __” umezuia nywele, kichwa na ndugu zao wote kwa mpigo. Kwa kila ruwaza programu ikuonyeshe maneno 10 iliyoyaleta, ikianza na yale yenye ushahidi mdogo zaidi, kila moja na sentensi yake nzima. Bila sentensi utakubali “ngiri” kwa haraka, kumbe habari ilikuwa ya upasuaji.

Kila mzunguko uuhifadhi kwenye folda yake yenye namba: mbegu, ruwaza, maneno yaliyokubaliwa, yaliyokataliwa. Zote ni faili ndogo za maandishi. Ukikuta kipara kwenye orodha ya mifugo, usikifute na kuendelea. Tafuta mzunguko ambao ndevu ziliingia, itie “anafuga __” kwenye orodha ya ruwaza zilizokataliwa, rudi folda iliyotangulia na uanze upya kutoka hapo. Kipara ukikifuta peke yake, kesho kitaletwa tena na nywele.